Ulimi wa Kuazima

Mjini Paita, kwenye pwani ya Peru, hakuna aliyemwita Herminia Querevalú mpishi, kwa sababu hakuwahi kuuza hata sahani moja maishani mwake. Aliandaa chakula nyumbani kwake, kwa watu wake, basi. Lakini Jumapili, jua likikaribia utosini, majirani walikuwa wakikumbuka ghafla kwamba wana neno la kumwambia mumewe, Toribio, na neno lenyewe halikuwa likiisha mpaka waonjeshwe seviche, samaki mbichi anayeivishwa kwa ndimu.

Si kwamba alikuwa na siri. Vitu vyake ni vile vile vya kila nyumba ya pwani ile: samaki wa alfajiri, ndimu, chumvi, kitunguu, pilipili, majani ya giligilani. Kilichomtofautisha na wenzake ni pua. Wengine huangalia saa, wengine huangalia mnofu unavyogeuka mweupe kwa ukali wa ndimu. Herminia aliinama juu ya bakuli, akavuta pumzi, akasema, "Bado." Akashughulika na mengine, akarudi, akainama tena. "Haya, leteni sahani." Na hapo ndipo penyewe, ungengoja kidogo tu, samaki angekakamaa kama aliyechemshwa. Mama yake alikuwa hivyo hivyo, na bibi yake pia. Alipokuwa msichana, yeye ndiye aliyetumwa sokoni, kwa kuwa hakuna mchuuzi aliyeweza kumpa samaki wa jana akampokea.

Kisha ikaja homa ile iliyopita kila nyumba. Herminia alilala, akatokwa jasho, akapona. Mtaani kwao wapo ambao hawakupona, kwa hiyo alijiona mwenye bahati. Asubuhi ya kwanza aliyoweza kukaa jikoni alijitilia kahawa, akanywa, akadhani amesahau kutia kahawa. Maji ya moto matupu. Akaongeza vijiko. Ikawa maji ya moto meusi. Siku chache baadaye alibandika maziwa, akaketi pale pale kuchambua maharage, mgongo ameupa jiko. Alipogeuka, sufuria lilikuwa limeungua mpaka chini na moshi umetanda darini, naye hakuwa amesikia harufu hata chembe. Alifungua madirisha, akalificha sufuria nyuma ya pipa la maji, akaenda kujilaza kama mtu aliyepigwa.

Hakumwambia mtu. Mwanzoni alisema moyoni kwamba mambo haya yatarudi yenyewe, kwa nini awatie watu wasiwasi. Mwezi ukapita, ukapita mwingine, na kumbe jambo likishanyamaziwa hivyo linakuwa zito kulianza. Ungesemaje? Ungesema kwamba wakati wote ule mliponiuliza kama chakula kimekolea nikasema kimekolea, nilikuwa nadanganya? Ulimi nao ulikuwa umefifia. Chumvi aliisikia kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka upande wa pili wa uwanja. Kitu pekee kilichobaki na nguvu zake ni pilipili, maana pilipili haihitaji pua, inachoma tu.

Kwa hiyo Jumapili ziliendelea, na Herminia alipika kwa kumbukumbu ya mikono. Lakini mikono bila pua ni kama farasi asiye na mpandaji: njia anaijua, ila anasimama anapotaka. Chumvi ikaanza kupanda. Pilipili ikapanda zaidi, kwa kuwa ndiyo pekee aliyoisikia. Majirani wakaanza kupungukiwa na maneno ya kumwambia Toribio. Siku moja Clorinda, dada yake Toribio, mjane aliyeishi mlango wa pili na ambaye ulimi wake haukuwahi kupata likizo, aliweka kijiko chini akauliza kama leo wifi yake amemkamulia samaki ndimu au amemrudisha baharini. Watu walicheka. Herminia naye alicheka, kisha akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Toribio peke yake hakubadilika. Alikuwa kinyozi, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa duka lake: kiti kimoja, kioo kimoja, na redio. Mtu wa maneno machache, kinyume cha vinyozi wote wa dunia. Alikula sahani yake yote, akafuta mchuzi kwa kipande cha kiazi kitamu, akasema, "Nzuri." Alisema "nzuri" kwa mwaka mzima. Kama kulikuwa na kitu kilichomkera Herminia kwa mumewe siku hizo, ni ile tabia mpya ya kuja kuzurura jikoni kila Jumapili asubuhi kabla yeye hajaanza kazi. Mara anatafuta miwani. Mara anatafuta mkasi, kana kwamba mkasi wa kinyozi hukaa kwenye friji.

Basi siku moja akapiga simu Yesenia, binti yao wa pekee, ambaye alikuwa muuguzi Lima. Sauti yake ilikuwa ikirukaruka. Edgardo amemwomba wafunge ndoa, amekubali, na wazazi wa Edgardo wanataka kuja kuposa kama inavyopasa. Wangetoka Arequipa, watu wa milimani, wenye kujivunia vyungu vyao kuliko kanisa lao. Wangefika Jumamosi ya wiki ile ile.

"Na usihangaike na mbuzi wala bata, mama," Yesenia alisema. "Nimeshawaambia habari za seviche yako mpaka wamenichoka. Wanakuja kwa ajili hiyo tu."

Herminia alisema heri, alisema Mungu awabariki, alilia kidogo kama anavyopaswa mama kulia. Alipoweka simu, furaha na hofu zilikuwa zimekaa kifuani mwake kama wageni wawili wasiosalimiana. Usiku alitunga visingizio. Angesema mkono unamuuma. Angesema bahari imechafuka na samaki hakuna, lakini nani Paita angeamini? Alifikiri pia kumwambia Toribio. Alimtazama asubuhi akipaka sabuni kidevu cha mteja, ametulia, akasema moyoni: si leo, yuko kazini.

Jumamosi ilipofika alijipa moyo kwa njia moja. Samaki hachaguliwi kwa pua tu. Alikwenda sokoni kabla jua halijashika ukali, akabonyeza minofu, akafunua mashavu kuona wekundu, akatazama macho kama yana maji. Akachukua samaki watatu wanene aina ya kachema, wanaong'aa kama wametoka kupigwa rangi ya fedha. Akachukua ndimu ndogo za bondeni, zenye ganda jembamba, akazipima kwa uzito mkononi. Akachukua mihogo, viazi vitamu, pilipili nyekundu na za manjano. Alirudi kwa bajaji, akaweka samaki kwenye friji, kisha akatoka tena kwenda kwa Clorinda kuazima sahani kubwa, kwa kuwa zake hazikuwa za seti moja na watu wa Arequipa wangeona.

Clorinda alimpa sahani pamoja na shauri la bure. "Chumvi, wifi. Ukiishika chumvi, mkumbuke marehemu kaka yangu mkubwa, presha ndiyo iliyomuua."

Herminia aliingia kwa mlango wa uani, sahani zimebebwa kifuani, na akamkuta mumewe jikoni.

Toribio alikuwa amevaa koti lake jeupe la kunyolea. Friji ilikuwa wazi. Samaki alikuwa amewatoa, amewapanga juu ya gazeti, na yeye ameinama juu yao, pua karibu kuwagusa, macho ameyafumba. Alimgeuza mmoja, akamnusa tumboni. Akamnusa wa pili, na wa tatu. Kisha akachukua ndimu moja, akaikata, akailamba, akakunja uso, akaitenga. Akakata nyingine, akailamba, hii akairudisha kwenye bakuli. Alifanya hayo yote bila haraka, kama mtu anayefanya kazi aliyoizoea.

Herminia hakuhitaji kuambiwa. Alipiga hatua, sahani zikagongana kifuani, na kwa mlio huo Toribio akageuka.

"Tangu lini?" Herminia aliuliza.

Toribio aliweka kisu mezani. "Tangu lile sufuria la maziwa. Harufu ilinifikia dukani, nina mtu kwenye kiti. Nikaja, nikaona madirisha wazi, nikaona sufuria nyuma ya pipa. Jioni uliniuliza mbona nimevaa shati lenye doa. Nililimwagia mafuta ya taa kwa bahati mbaya nikiwasha jiko, nyumba nzima inanuka. Wewe uliona doa tu."

"Ukanyamaza."

"Nilikuwa nangoja uniambie."

"Na Jumapili zote hizi unakuja kutafuta miwani."

"Miwani nayo hupotea," alisema Toribio, lakini kwa sauti ya mtu anayejua kwamba mzaha haujafika kwa wakati. Akaendelea kwa upole. Mara nyingi samaki walikuwa wazima, alisema, mkono wa mkewe haujakosea sana. Ni Pasaka tu.

"Pasaka kulikuwa na nini?"

"Yule samaki wa Pasaka hakuwa mzima, Hermi. Labda barafu ya sokoni iliisha, sijui. Nilimtupia mwari, yule ndege wa gatini, nikakimbia kumnunua mwingine."

Herminia alikumbuka samaki wa Pasaka. Aliwaambia watu wote mezani kwamba yeye ndiye aliyemchagua kati ya samaki hamsini. Damu ilimpanda usoni. Aliweka sahani za Clorinda chini, akavua aproni, akamtupia mumewe kifuani.

"Mwaka mzima unanilisha huruma kwa kijiko."

"Kwani nani aliyekuwa akila?" Toribio aliuliza. "Mimi ndiye niliyekula, mama. Chumvi ile yote ilipita koo hili."

Angeweza kucheka, lakini hakucheka. Alisema vizuri sana, kama pua ya kazi ni ya Toribio, basi na kazi ni ya Toribio. Wageni watafika adhuhuri na samaki ni wale pale. Akavuta kiti, akaketi mlangoni, akakunja mikono, akatazama uani yalipoanikwa mashuka.

Toribio alisimama kidogo na aproni mkononi. Kisha akaivaa juu ya koti lake la kazi, akanawa mikono na akaanza.

Kitunguu alikikata chembamba mno, nyuzi zinazolingana, vidole vinakwenda kama vilivyozoea kwenye nywele za watu. Kwa hilo Herminia hakuwa na la kusema. Lakini samaki alimkata vipande vikubwa kwa vidogo, na alipofika kwenye ndimu alianza kuzibana kwa nguvu zake zote, mpaka tone la mwisho, mpaka ganda linalia.

"Usizinyonge," Herminia alisema bila kugeuka. Alikuwa amesikia kwa masikio. "Ukizinyonga zinatoa uchungu. Bana mara moja, tupa."

Toribio alibana mara moja, akatupa.

"Na chumvi kwanza. Samaki apate chumvi kabla ya ndimu, ndipo afungue."

"Afungue nini?"

"Tia chumvi, Toribio."

Toribio alishika chumvi kama anayeshika unga wa dhahabu, akanyunyiza punje chache zisizotosha hata yai. Herminia alivumilia mpaka akaona anakoroga kwa kijiko cha chuma, samaki anavunjika, na hapo uvumilivu ukaisha. Aliinuka, akamnyang'anya bakuli. Mikono yake ilizama ndani, ikageuza vipande taratibu, toka chini kwenda juu, na mikono hiyo ilikuwa na akili zake zote. Kilichopungua ni kitu kimoja tu. Alisimama na vidole vyake katika maji yale ya baridi, machozi yakamlenga, akachukua kijiko cha mti, akachota mchuzi, akauelekeza kwenye mdomo wa mumewe.

"Onja."

Toribio akaonja. "Nzuri."

"Nzuri si jibu. Nzuri umenipa mwaka mzima na sote tunajua thamani yake. Chumvi iko wapi?"

Toribio alifikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza jambo kama hilo. "Iko nyuma," alisema hatimaye. "Inakuja mwishoni, watu wameshaondoka."

"Na ndimu?"

"Ndimu imetangulia. Inasukuma kila mtu mlangoni."

Herminia alimtazama. Kwa kweli lilikuwa jibu zuri. Yeye mwenyewe asingeweza kulisema vizuri zaidi alipokuwa na ulimi wake. Akachota chumvi kwa vidole, akatia, akageuza, akaongeza maji kidogo ya samaki na kipande cha barafu. "Na sasa?"

"Sasa wanakwenda pamoja. Pilipili sijaiona."

"Mimi nimeiona," alisema Herminia, maana midomo yake ilikuwa ikiwaka.

"Basi acha hapo hapo. Ile unayoiona wewe ndiyo iliyomfukuza jirani yetu Eusebio."

Hapo alicheka, hakuweza kujizuia, akacheka mpaka akaegemea meza. Walifanya kazi hivyo asubuhi ile yote, mikono ya mmoja na mdomo wa mwingine. Mihogo ikaiva, viazi vikaiva, mahindi yakakaangwa mpaka yakapasuka, ndizi mbichi zikakatwa nyembamba na kukaangwa zikawa zinavunjika kwa mlio. Bakuli la mwisho, lile la mezani, hawakulitia ndimu mpaka waliposikia gari limesimama nje na Yesenia anaita. Toribio alikimbia kufungua mlango, akakaribisha, akaomba radhi, akarudi jikoni mbio.

"Inama," Herminia alimwambia. "Vuta pumzi. Unasikia nini?"

"Samaki na ndimu."

"Wamekaaje?"

"Wanagombana."

"Bado."

Sebuleni walisikia Clorinda akiwauliza wageni kama kweli Arequipa watu hula panya wa milimani, na mama mmoja akijibu kwa sauti tulivu kwamba si panya, ni simbilisi, naye ni mtamu kuliko watu wengi. Toribio aliinama tena juu ya bakuli. Safari hii alikaa sana.

"Vipi?"

"Sasa sijui nani ni nani," alisema.

Herminia akashika sahani.

Wazazi wa Edgardo walikuwa watu wa makamo, mume anaitwa Máximo, mzito na mwenye haya, na mke, Nélida, mwembamba, amesuka nywele, macho hayapitwi na kitu. Ndiye aliyemjibu Clorinda. Edgardo mwenyewe alikuwa kijana mrefu aliyekaa ukingoni mwa kiti kana kwamba ataitwa wakati wowote. Máximo alisema maneno ya posa aliyokuwa ameyahifadhi njiani, akakwama katikati, mkewe akamsaidia kwa mdomo tu bila sauti, akamaliza. Toribio akajibu kwamba binti ameshakubali, na yeye ni kinyozi tu, hukata nywele, hakati ahadi za watu. Wote walicheka, wakapumua. Kisha wakala.

Herminia hakuwa akila. Alikuwa akitazama nyuso, akizisoma moja baada ya nyingine. Yesenia alifumba macho kwenye kijiko cha kwanza. Clorinda alionja, akasimama, akamtazama wifi yake, akaonja tena bila kusema kitu, jambo ambalo halikuwa limetokea miaka mingi. Máximo aliinamia sahani akanywa mchuzi uliobaki, ule wauitao maziwa ya chui, akapangusa mdomo kwa aibu.

Nélida aliweka uma chini. "Bi Herminia," alisema, "nilikuja nimejiandaa kusema ni nzuri hata kama si nzuri. Sasa sina la kusema. Huu ulimi wako, mrithishe binti yako kabla hajawa wa kwetu."

Watu walimgeukia Herminia wakingoja acheke na kusema hapana, ni jambo dogo. Angeweza kusema hivyo, na siku ingekwisha vizuri. Lakini alikuwa amechoka kubeba. Mficha maradhi kilio humuumbua, na yeye hakutaka kungoja kilio.

"Ulimi huu si wangu," alisema. "Nimeuazima. Mimi sijui mnakula nini. Tangu homa ile sisikii harufu wala ladha, ni kama natafuna karatasi. Leo aliyeonja ni Toribio. Mimi nilikuwa mikono tu."

Yesenia alishika mkono wa mama yake, akauliza kwa sauti ya chini kwa nini hakumwambia yeye, binti yake, tena muuguzi, na machozi yalikuwa yakimtoka kabla hajamaliza swali. Herminia alisema aliogopa. Aliogopa kwamba akisema itakuwa kweli.

Clorinda ndiye aliyefuata. "Kwa hiyo ile chumvi," alisema polepole. "Mwaka mzima mimi nadhani umechoka nami, wifi. Nilikuwa nimeshamwambia padri kwamba unaniua kidogo kidogo."

Toribio alicheka kwanza, kisha Edgardo, ambaye alikuwa akiogopa kucheka, na Clorinda mwenyewe akazunguka meza, akambusu Herminia kichwani, akarudi kukaa na kujiongezea seviche.

Nélida hakucheka sana. Alingoja kelele zitulie, kisha akasogeza kiti. Mdogo wake, alisema, alipatwa na jambo hilo hilo. Daktari wake alimwambia aizoeze pua yake kama mtu anavyozoeza mguu uliovunjika: kila asubuhi na kila jioni anuse vitu vichache vyenye harufu kali, kimoja kimoja, akifikiria kila harufu ilivyokuwa. Karafuu, ganda la ndimu, jani la mkaratusi, waridi. Si dawa ya hakika. Wapo wanaopona, wapo wasiopona, na wanaopona huchelewa. Mdogo wake alichelewa mpaka akakata tamaa, na baada ya kukata tamaa ndipo alipoanza kusikia. Yesenia alisema naye amewaona wagonjwa wakifanya hivyo hospitalini, wengine wakafaulu.

Wakaanza kesho yake. Asubuhi, kabla ya kufungua duka, Toribio alileta vikombe vinne kwenye sinia, kana kwamba analeta chai. Herminia alifumba macho. Toribio aliweka kikombe chini ya pua yake akasema, "Karafuu," na yeye alijaribu kukumbuka karafuu: jino lililouma utotoni, mama yake amembana shavu. "Ndimu." Alikumbuka vidole vya bibi yake. Hakusikia chochote. Mke na mume walisemezana katika dakika zile kuliko walivyosemezana kwa miaka, maana ilimbidi amweleze Toribio kila harufu ilikuwa ya nani na ya wapi, na Toribio aligundua kwamba hakuwa akijua nusu ya maisha ya mkewe.

Seviche ya Jumapili nayo iliendelea kwa mikono yake na ulimi wa mume. Toribio alikuwa mwepesi wa kujifunza. Alianza kusema mambo kama "pilipili hii ni ya maneno mengi" au "samaki huyu amelala vibaya," na Herminia akajua la kufanya. Majirani walirudi mmoja mmoja na habari zao za dharura. Eusebio alikuja wa mwisho, akaonja kwa hofu, akakaa mpaka alasiri.

Lakini pua ilikuwa kimya. Miezi ilipita, arusi ikapangiwa tarehe, vikombe vikabadilishwa karafuu mara nyingi, na kimya kikabaki kile kile. Kuna asubuhi Herminia alilisukuma sinia akasema imetosha, yeye si mbwa wa forodha. Toribio hakubishana. Kesho yake aliweka vikombe kwenye ukingo wa dirisha karibu na kitanda, akaenda kazini kimya kimya. Herminia alivitazama vile vikombe. Hatimaye akajikongoja, akavinusa mwenyewe, kwa hasira, cha kwanza mpaka cha nne.

Ikawa siku moja ya baridi, mawingu yamekaa chini juu ya ghuba, Herminia yuko uani anaanika mashuka. Upepo uligeuka ukatoka upande wa viwanda, ambako walikuwa wakisaga dagaa kuwa unga wa mifugo. Kila mtu wa Paita anaijua siku hiyo. Madirisha yalianza kufungwa mtaani, moja, jingine, jingine. Mahali fulani mtoto alilalamika. Clorinda alitoka mlangoni kwake na kitambaa puani, anatukana viwanda na wazazi wa wenye viwanda.

Herminia alisimama na shuka mkononi. Kulikuwa na kitu. Kilikuwa kidogo, chembamba, kinakuja na kupotea, kama redio ya nyumba ya mbali. Alivuta pumzi. Kikaja tena. Kilikuwa kibaya. Kilikuwa kibaya kabisa, cha kuoza, cha mafuta na chumvi na matumbo ya samaki yaliyopikwa, naye alikijua, alikuwa amekichukia maisha yake yote.

Shuka likaanguka mchangani. Alifungua geti, akatoka hadi katikati ya barabara, akasimama ameuelekeza uso kwenye upepo, akavuta pumzi kwa nguvu, mara nyingi, kifua kinapanda na kushuka.

"Wifi!" Clorinda aliita kupitia kitambaa. "Ingia ndani, utatapika."

"Kinanuka," Herminia alisema. "Clorinda, kinanuka vibaya sana."

Clorinda alifungua mdomo kumwambia kwamba hiyo si habari, kisha akaelewa. Kitambaa kikamtoka mkononi. Akamkimbilia kama alivyo, viatu vya ndani miguuni, wakashikana pale barabarani, mmoja analia na mwingine anavuta pumzi. Toribio alitokea mlangoni mwa duka na wembe mkononi, mteja nyuma yake nusu uso ndevu nusu sabuni, akauliza nani amekufa.

Jioni Herminia alijaribu ndimu. Hakusikia kitu. Alijaribu karafuu, akadhani amesikia, hakuwa na hakika. Harufu ya viwanda nayo ilikuwa imekwenda na upepo. Lakini hakuhuzunika. Kilichokuja mara moja kinaijua njia. Aliwasha taa ya jikoni, akamwita mumewe waandae chakula, na Toribio alipoingia, amejaa nywele za watu mabegani na harufu za mafuta ya kichwani, Herminia alimshika mabega, akaegemeza pua yake shingoni mwake, akakaa hapo akijaribu.

"Vipi?" Toribio aliuliza.

"Bado," alisema, na hakuondoa uso wake.